Kitambaa Kisichochuja: Kumbukumbu ya Mama Evarista Kalinga

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, shambani, sokoni, jikoni au safarini, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Jina lake Evarista Kalinga. Wengi walimwita Mama Lea. Alizaliwa Iringa, akafanya kazi Mbeya, na majuzi amezikwa kwao Iringa, mzee aliyeshiba siku.

Mama Evarista alikuwa mbunifu wa vitambaa. Alichora maua, akayachonga kwenye mbao, akayapiga chapa kwenye nguo. Kama bibi yako anacho kile kitambaa cha rangi ya kahawia chenye maua meupe ya pareto, na kama bado kinapendeza baada ya kufuliwa miaka nenda miaka rudi, basi huyo ndiye tunayemzungumzia. Tunarudia kwa mnaofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Evarista Kalinga, mbunifu wa vitambaa, mwanamke aliyekataa kuuza nguo inayochuja.

Baba yake, mzee Bartholomeo, alikuwa seremala. Evarista alikua akiokota vipande vya mbao chini ya meza ya baba na kuvichonga kwa kisu cha jikoni. Siku moja vipande viliisha. Msichana akaangaza macho huku na huku, akaona kigoda cha baba. Akakata kipande cha mguu mmoja, akakisimamisha kigoda vilevile, kama hakijaguswa.

Jioni mzee akarudi, akaketi. Kigoda kikambwaga.

Dada yake, Mama Matilda, anasimulia hadi leo huku akicheka: "Sisi tulijua leo fimbo italia. Baba akainuka, akajipangusa vumbi, akamwambia, lete kilichoniangusha. Evarista akampa kile kipande. Kilikuwa na ua. Baba akaligeuza, akaligeuza tena. Akasema, ua lako limenenepa upande huu, upande huu limekonda. Mwanangu, kama umeamua kuniangusha, niangushe kwa kitu kilichokamilika. Kisha akaingia ndani, akamletea patasi yake ya zamani."

Hivyo ndivyo Evarista alivyoingia kazini. Kwa kumwangusha baba yake.

Aliolewa na Asukile, dereva wa lori, Mnyakyusa mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Mwaka 1971 wakahamia Mbeya, Mwanjelwa. Nyuma ya nyumba yao Evarista akafungua karakana. Palikuwa na sufuria la nta, mapipa ya rangi, na kamba za kuanikia zilizofunga ua wote hata wageni wakawa wanaingia kwa kuinama.

Kazi yake ilikuwa hivi. Aliyeyusha nta ya nyuki. Akachovya chapa ya mbao kwenye nta, akaigandamiza juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikazamishwa kwenye rangi. Pale penye nta, rangi haikuingia. Nta ikiisha kutolewa kwa maji ya moto, ua linabaki jeupe, na kitambaa kizima kimeshika rangi. Alichora vitu vya huku kwetu. Mahindi. Majani ya chai. Na zaidi ya vyote, pareto, lile ua dogo jeupe ambalo wakulima wa milimani walilichuma kwa magunia na hakuna aliyelitazama kwa uzuri wake.

Lakini michoro peke yake haikumpa jina. Jina lake lilitokana na sheria ya karakana. Kila kitambaa kilifuliwa kwa sabuni, kikaanikwa juani, kikafuliwa tena. Kisha kikasuguliwa kwa kipande cha nguo nyeupe iliyolowa. Ile nyeupe ikipata hata kivuli cha rangi, kitambaa hakiuzwi. Hata mteja awe mlangoni. Hata awe jirani. Hata awe mkwe.

Mwaka 1973 akaja kazini dada mmoja wa Kisukuma, Mbuke. Ukoo wake ulikuwa umehama na ng'ombe kutoka Shinyanga hadi bonde la Usangu. Mbuke alikuja Mwanjelwa kuuza samli, akaona vitambaa vimeanikwa, akasimama hapo mpaka samli ikayeyuka juani. Evarista akamkaribisha ndani. Mbuke mwenyewe, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu wengi, anakumbuka siku yake ya kwanza.

"Aliniita, 'Mbuke, njoo uone. Hili ua limelewa.' Nikamwuliza, 'Limelewa vipi, mayu?' Sisi kwetu mayu ni mama. Akasema, 'Tazama linavyowaegemea wenzake.' Nikacheka. Nikamwambia, 'Basi tuliache lilale, kesho litapata nafuu.' Yeye hakucheka. Akasema, 'Hapa halilali, Mbuke. Hapa tunaanza upya.' Nikaanza upya. Nikaanza upya mpaka mkono ukafa ganzi. La mwisho akaliangalia, akasema, 'Hili sasa limekunywa maji tu.' Ndipo tukacheka wote."

Wasikilizaji wapendwa, sasa tufike kwenye kisa chenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1974, Mwalimu Sedekia wa Iringa, kiongozi wa kwaya, alifika Mwanjelwa. Alikuwa na habari kubwa. Pasaka ya mwaka 1975 kwaya za vijiji vya barabara kuu zingekutana Iringa mjini. Alitaka zote zivae kitambaa kimoja. Bluu, yenye maua meupe ya pareto, na kola nyeupe. Alitaka kitambaa cha Evarista.

Fikirini furaha yake. Binti wa seremala, anarudi nyumbani Iringa juu ya mabega ya waimbaji! Binti yake Lea anasema siku hiyo mama yake aliunguza ugali mara mbili, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Lakini ule ulikuwa mwaka mgumu. Vitu viliadimika. Rangi ya dukani iliadimika kuliko sukari. Ezekia, mdogo wake Asukile, ndiye aliyeshughulikia ununuzi na mauzo ya karakana. Alizunguka mji mzima, mwishoni akaipata kwa mchuuzi mmoja wa kupita. Kopo lilikuwa lilelile la siku zote. Kilichokuwa ndani hakikuwa kilekile. Hilo hawakulijua.

Tena mvua zikaja, nazo zilikuja kwa hasira. Vitambaa havikauki. Kamba zimelemewa. Ezekia akaanza kuhangaika.

"Shemeji," alimwambia Evarista, "tukifua mara mbili mbili hivi, Pasaka itatukuta bado tunaanika."

Evarista akazitazama kamba. Akaitazama mbingu. Akamtazama Mbuke, aliyekuwa amechoka hadi macho mekundu.

"Haya," akasema. "Safari hii tuache."

Safari hii. Maneno mawili tu. Mama Evarista mwenyewe alikuwa akiyataja mpaka uzeeni, kila alipofundisha msichana mgeni kazini. Alisema hakuna maneno yaliyowahi kumgharimu kama hayo.

Mizigo ya kwanza ikaondoka. Mmoja ukaenda Chimala, mwingine ukaenda mbali, Ruaha Mbuyuni.

Asubuhi moja ya manyunyu Mbuke alifika kazini na mtoto mgongoni. Alikuwa amembeba kwa kipande cha kitambaa kile kipya, kipande chenye kasoro ambacho Evarista alimpa bure. Alipomshusha mtoto, wanawake wote wa karakana wakaangua kicheko. Mtoto alikuwa na tumbo la bluu. Kifua cha bluu. Mashavu ya bluu. Naye anawachekea watu, hana habari.

Evarista hakucheka. Alilowesha kidole, akakipitisha kwenye tumbo la mtoto. Kidole kikawa bluu. Akachukua kitambaa kutoka kwenye rundo, akakitumbukiza kwenye beseni. Maji yakabadilika. Akachukua kingine. Yakabadilika. Akachukua cha tatu. Akaketi pale pale chini, kwenye tope.

Ezekia ndiye aliyezungumza kwanza.

"Shemeji, hao watu wataimba siku moja tu. Wakifika kwao, rangi ikichuja, watasema ni sabuni."

"Watasema ni sabuni," Evarista alijibu. "Na mimi nitasema nini?"

"Ukivirudisha, kila mtu kuanzia hapa hadi Iringa atajua tumeharibu."

"Heri wajue kwa mdomo wangu kuliko wajue kwa kola zao."

"Tutafunga karakana! Rangi nyingine hakuna. Pasaka hiyo inakuja. Utawapa nini?"

Evarista akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo.

"Baba Lea, gari lako linaondoka lini kwenda Iringa?"

Asukile akatoa funguo mfukoni. "Linaondoka ukiwa tayari, mama."

Wakaondoka mchana ule ule.

Chimala waliwakuta kina mama wa kwaya wakikoboa mpunga. Kiongozi wao, Mama Helena, alikuwa mtu wa mwili na wa sauti. Gauni lake lilikuwa limeshashonwa, na alikuwa amelivaa. Alikuwa analijaribu, alisema, ingawa jirani zake walisema alikuwa analijaribu kila siku.

Evarista akawasalimu, akawaeleza. Kitambaa ni kibovu. Kosa ni langu. Naomba mnirudishie, nitawaletea kingine.

Kina mama wakatazamana. Kisha wakakataa!

"Hatutoi," akasema Mama Helena. "Umewapata wengine wa kuwauzia, sasa unatuzunguka. Kitambaa ni kizuri. Mimi mwenyewe naonekana msichana."

Evarista hakubishana. Aliomba beseni la maji. Siku hiyo alikuwa amevaa blauzi yake nyeupe ya kanisani, aliyoshonewa na dada yake Matilda. Akalowesha pindo la kitambaa, akalikamulia kifuani pake mwenyewe, mbele ya wote. Bluu ikatiririka kwenye blauzi nyeupe mpaka kiunoni.

Hata waliokuwa wanatwanga waliacha.

Mama Helena akajitazama gauni. Akainua mkono, akaona kwapani pameshaanza kuchuja. "Mungu wangu," akasema. "Na mimi natoka jasho kama ng'ombe wa kulimia." Akaingia ndani, akatoka na kanga, gauni mkononi. Wengine wakamfuata.

Iringa mjini, Evarista alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Sedekia, na blauzi yake ikiwa na madoa vilevile. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Aliuliza swali moja tu, na swali hilo lilikuwa gumu kuliko kufoka.

"Mama Lea, Pasaka tutavaa nini?"

"Mtavaa cha kwangu, Mwalimu."

Alisema hivyo, akatoka, akapanda lori. Mlango ulipofungwa akamwambia mumewe, "Sijui nimesema nini mle ndani." Akalia kidogo. Asukile akawasha gari, wakateremka hadi Ruaha Mbuyuni, wakakusanya vile vya huko vilivyobaki, mpaka cha mwisho.

Ilikuwa kwenye kurudi. Lori linapanda mlima polepole, na Evarista, kwa hasira za mtu aliyechoka, akaanza kumgombeza mumewe. "Na wewe unavaa shati lenye doa kama mtu asiye na mke."

"Doa hili?" Asukile akasema. "Hili la magome ya miti ya miwati. Nilibeba mzigo wa magome kutoka Njombe, mvua ikanikuta. Umelifua wewe mwenyewe, umelifua mpaka kola imechanika. Doa halijatoka. Halitoki hili. Litanizika."

Evarista akalishika lile shati. Akalisugua doa kwa kidole kilicholowa, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Simamisha gari," akasema.

"Mlimani hapa?"

"Basi usisimamishe. Lakini tusipitilize Makambako. Tukate kwenda Njombe."

Wasikilizaji wapendwa, lori lile lilirudi Mwanjelwa limejaa magome ya miti. Ezekia alipoliona alishika kichwa. Wakayachemsha magome, wakayaacha yapoe, maana rangi ya moto ingeyeyusha nta. Kitambaa cha kwanza kikatoka hafifu kabisa. Mbuke akakiinua, akasema, "Hii ni chai ya mgonjwa, mayu." Wakazamisha tena, wakakausha, wakazamisha tena. Wakajaribu majivu. Wakajaribu maji ya chokaa. Rangi ikaanza kushika. Ikatoka kwenye chai ya mgonjwa, ikawa udongo wa mfinyanzi, ikawa kahawia iliyokolea, ya joto, kama ngozi ya mtu mwenye afya. Na katikati yake, pareto nyeupe.

Evarista akakifua. Akakifua tena. Akachukua nguo nyeupe, akailowesha, akasugua kwa nguvu zote. Akaiinua juu. Nyeupe.

Karakana nzima ilipiga vigelegele. Majirani walidhani kuna arusi.

Kwa kuwa jua halikuwepo, walikausha vitambaa jikoni, sebuleni, hata ndani ya lori la Asukile. Lakini safari hiyo hapakuwa na kitambaa hata kimoja kilichoruka sheria. Na mkaguzi wa mwisho, aliyekaa na kipande chake cheupe mlangoni na kurudisha kazi bila haya, alikuwa nani? Ezekia. Yule yule. Mbuke anasema, "Alitutesa kuliko Mama Lea mwenyewe. Nadhani alikuwa anamlipia yule mtoto wangu."

Pasaka ikafika. Iringa ilijaa watu. Kwaya zikaingia uwanjani, kahawia na nyeupe, kahawia na nyeupe, kola zimenyooka. Watu walisimama kutazama kabla hata wimbo haujaanza. Evarista alikuwa ameketi nyuma pamoja na mzee Bartholomeo, baba yake, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kupungua nguvu. Mzee akawa anauliza, "Ua limekaaje?" Naye anamjibu, "Limekaa sawa, baba."

Kwaya ya Chimala ilikuwa katikati ya wimbo wake mvua ilipoanguka. Haikunyesha kwa kubembeleza. Ilimwagika. Watazamaji wakakimbilia kwenye miti na kuta. Mwalimu Sedekia akainua mkono ili asimamishe wimbo. Mama Helena akamtikisia kichwa: hapana. Kina mama wakaendelea. Walisimama mvuani, maji yanatiririka kwenye vichwa, mabegani, kwenye mapindo, na sauti zao zinapanda juu ya kelele za mvua. Waliokimbia wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakasimama kulowa nao.

Evarista hakuwa anasikia wimbo. Alikuwa anatazama kola.

Mvua ikapita. Wimbo ukaisha. Mama Helena akatoka mstarini, maji yanamchuruzika, akaja mpaka mbele ya watu wote. Akashika pindo la gauni lake, akalikunja, akalikamua kwa mikono miwili. Yakaanguka maji meupe, safi, kama ya kisimani. Akapaza sauti yake ile iliyojulikana Usangu nzima:

"Haichuji!"

Umati ukaitikia, "Haichuji!" Vigelegele vikaruka toka upande hadi upande. Mama Matilda anasema mzee Bartholomeo alisimama bila kushikwa, akapiga makofi mpaka kofia ikamwanguka, wala hakuiinamia.

Tangu siku hiyo kitambaa kile kikapata jina. Sokoni Mwanjelwa, Chimala, Ruaha Mbuyuni, hakuna aliyeomba kitambaa cha pareto. Waliomba Haichuji. Maarusi wakakitaka. Shule zikakitaka kwa mapazia. Karakana ikahitaji mikono zaidi, ikachukua wanawake wa Kisafwa, Wabena, Wasangu, kila mmoja na lugha yake, na wote wakijua neno moja la Kiswahili kabla ya mengine: rudia.

Mwaka 1979 Mama Evarista akafungua karakana ya pili, nyumbani Iringa. Vitu vilikuwa adimu kuliko wakati wowote. Tajiri mmoja wa mjini akamfuata na pendekezo. Ana vitambaa vyake vingi, havina wateja. Anachotaka ni chapa ya karakana tu pembeni. Hakuna kazi ya kufanya. Ni kugonga chapa.

Lea alikuwa msichana wa shule, alikuwapo. "Mama alimpa chai, akamkatia na kiazi. Akamsikiliza vizuri. Halafu akasema, 'Mzee wangu, jina langu si chumvi, kwamba nitalinyunyizia kila mboga.' Yule mzee alimaliza kiazi chake, akaaga."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Evarista Kalinga. Alifundisha wanawake wasiohesabika. Alimzika mzee Bartholomeo, akamzika Asukile wake. Aliona wajukuu. Mpaka mwishoni, Lea anatuambia, alikuwa akishika upindo wa nguo ya kila mgeni aliyekuja kumwona, anausugua kati ya vidole, kisha ndipo anauliza habari za nyumbani.

Tunatoa pole kwa Lea na ndugu zake. Pole kwako Mama Matilda, uliyebaki peke yako kati ya watoto wa seremala. Pole mzee Ezekia. Pole bibi Mbuke, na pole kwa yule mtoto wa bluu, ambaye leo ni mwalimu mwenye familia yake huko Usangu na ametuomba tusimtaje jina. Tumecheka naye, tumelia naye. Mungu awape nguvu.

Na sisi tuliobaki, kila mmoja ana kazi mikononi. Wewe unayeshona, wewe unayejenga, wewe unayefundisha, na sisi tunaozungumza hapa redioni. Kila mmoja wetu anaijua ile sehemu ya kazi ambayo hakuna atakayeikagua. Tuifikirie leo, kabla ya kulala.

Tunaagana kwa habari hii. Baada ya matanga, karakana ya Mwanjelwa ilifunguliwa asubuhi kama kawaida. Wanawake waliingia, macho yamevimba. Mjukuu wa Mbuke alipiga chapa kitambaa cha kwanza, akampelekea bibi yake. Mbuke alikitazama kwa muda. Akafuta machozi. Kisha akamrudishia.

"Pole, mwanangu," akasema. "Anza upya."